Nilivyoumbuka kisa wimbo wa panki

Wakuu hii kitu imenitokea kweli na mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu chumbani nafunika uso na mto.

Nianze hapa, mimi napenda panki. Nikisema panki wengi akili inaenda kwenye mtindo wa kunyoa, wananiangalia kichwani wanakuta kipara, wanachanganyikiwa. Nazungumzia muziki jamani, magitaa ya kelele, nyimbo za dakika mbili, mwimbaji anafoka kama kadaiwa hadharani. Sasa watu wakikaa kupiga stori za panki ni Sex Pistols, The Clash, Ramones, basi, wamemaliza, wamefunga na mjadala. Mimi na jamaa yangu mmoja, tumwite Bwana Studio, tuna wimbo wetu ambao tunaona kabisa umedhulumiwa, "Oh Bondage Up Yours!" wa bendi ya X-Ray Spex, mwaka 1977. Jina ukilitafsiri kistaarabu ni kama kumwambia mtu hiyo minyororo yako baki nayo mwenyewe. Ulipotoka haukugusa hata chati, wakati nyimbo zao za 1978 ziliingia vizuri tu. Na mwimbaji ni Poly Styrene, baba yake Msomali, mama yake Mzungu wa Uingereza, ana vyuma kwenye meno, anaanza kwa kuongea taratibu kama binti aliyetumwa salamu alafu bila onyo analipuka, na pembeni kuna saksafoni inalia. Saksafoni! Kwenye panki! Nani mwingine alifikiria hilo mwaka ule sijui, mi najua tu nikiisikia nywele zinasimama, hizo zilizobaki.

Kwamba wimbo ni mkali hatubishani. Tunabishana ipi ni ipi. Maana upo wa studio, uliotoka kama santuri ndogo, na upo wa laivu, uliorekodiwa klabu ya Roxy pale London ukawekwa kwenye santuri kubwa yenye bendi kibao, wamo Wire, wamo Buzzcocks, wamo Eater, inaitwa The Roxy London WC2. (Hiyo WC2 ni namba ya posta ya mtaa, si choo cha pili, maana Bwana Studio kila mara lazima aulize.) Na utamu ni kwamba ile ya laivu ndo ilitangulia kutoka, katikati ya 1977, ya studio ikafuata baadae mwaka uleule. Kwa hiyo mimi hoja yangu ya kwanza siku zote ni kwamba laivu ndo mkubwa, studio ni mdogo wake aliyekuja baadae kavalishwa viatu.

Bwana Studio yeye anasema studio unasikia kila kitu, ngoma zimekaa, besi ipo, saksafoni inajua inakoelekea. Laivu anasema ni watu wamefungiwa kwenye kabati wakapewa vyuma wagongane. Mimi namwambia kaka panki haikuumbwa ikae sawa, na juu ya yote, SPIDI. Hapo ndo nilikuwa nammaliza. Namwambia sikiliza laivu, wale watu walikuwa wanakimbia, ule wimbo wa studio hata dakika 3 haufiki lakini jukwaani wameubana mpaka hakuna hewa. Nampa na mfano wa Ramones, albamu yao ya kwanza ya 1976 nyimbo 14 kwa dakika kama 29, alafu mkesha wa mwaka mpya wa 1978 pale ukumbi wa Rainbow, London, wakapiga nyimbo 28 kwa dakika kama 54. Jukwaani watu damu inachemka, wanapiga haraka, hii kitu inajulikana.

Yeye alikuwa anajibu jambo moja tu, kwa upole, ule upole unaokera: "Sawa, lakini hata Ramones hawakuongeza kiasi hicho."

Sikumsikiliza. Ningemsikiliza nisingekuwa naandika haya.

Maana mimi nilikuwa na ushahidi, ushahidi wa vinyl. Nilipata gramafoni iliyotumika, ina kila kitu ila maandishi yamefutika, mwenye nayo wa kwanza alikuwa na dole gumba la kusugua. Pembeni ina kiswichi kidogo cha chuma, kinapanda kinashuka, sikujua cha nini na sikuuliza. Santuri ya kwanza kuiweka ilikuwa hiyo ndogo ya studio, ikagoma kidogo, ikaimba kizito kama mtu anaamshwa, nikacheza na kile kiswichi ikakaa sawa, nikasema kumbe ni cha kuipasha moto. Nikakiacha hapohapo. Miezi baadae ndo nikapata ile kubwa ya Roxy, nikaiweka, na wakuu, nilikaa chini. Spidi ile! Poly Styrene anaimba juu kama kengele ya baiskeli, saksafoni imekuwa filimbi ya refa, gitaa ni nyuki. Nilitoa machozi, sidanganyi.

Na hata zile sehemu za watu wanaopiga porojo kati ya nyimbo, maana hiyo santuri inasifika kwa hilo, mikrofoni zilitegwa kila kona mpaka chooni, walikuwa wanaongea kwa sauti ndogondogo za haraka, chichichichi. Nikatafuta sababu nikaipata. Nilishasoma kwamba Eater walikuwa watoto wa umri wa shule kabisa, na hata mpiga saksafoni wa X-Ray Spex, Lora Logic, alikuwa binti mdogo tu. Nikaunganisha, nikamwelezea Bwana Studio kwa muda mrefu sana, kwamba panki ya mwanzo ilikuwa harakati ya watoto, unasikia hata wateja wa klabu sauti hazijavunjika. Akasema mh.

Kuna na hili la gitaa, naona aibu lakini ngoja nimalize yote. Nilijifunza kuupiga ule wimbo wa laivu. Nikagundua nyuzi hazikubaliani, wao wako juu sana, nikaweka kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, nikapandisha mpaka freti ya 5, kile kijichuma cha tano shingoni, ndo ikakaribia, ila bado kuna kaufa kadogo, ukiweka ya 5 uko chini kidogo, ukiweka ya 6 umepitiliza. Nikahitimisha kwamba walitune gitaa katikati ya noti makusudi, kuupinga mfumo. Nikafanya mazoezi miezi mitatu ya kuchapa mkono kwa ile kasi mpaka kiwiko kikavimba, nafungua mlango kwa mkono wa kushoto, watu wananiuliza umeanguka? Nasema hapana, ni sanaa.

Basi bwana, ikafika siku Bwana Studio akasema tumechoka, leo tumpe mtu hukumu. Akamleta dada yake mkubwa, mtu ambaye panki haijui na hataki kuijua, alikuja kwa sababu aliahidiwa itakuwa nusu saa. Mimi nikabeba gramafoni na santuri zangu zote mbili nimezikumbatia kama mtoto mchanga, nikafunga mitambo kwao sebuleni, nikatoa na hotuba. Kwenye hotuba nikaitaja mpaka ile namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, 33⅓, nikasema mnaona, wale watu walikuwa makini, muda wa santuri nzima wameuandika mpaka theluthi ya dakika.

Hakuna aliyecheka maana hakuna aliyejua. Wote watatu tulikuwa gizani, ila mimi ndo nilikuwa na tochi imezimwa naonyesha njia.

Nikaweka ya studio. Dada akasikiliza, akasema "Anapiga kelele lakini anaeleweka." Nikaweka ya laivu. Kabla wimbo haujaanza zikaja zile porojo za watu, Dada akakunja uso.

"Hawa wanaoongea nyuma mbona kama vifaranga?"

Nikaanza kumfundisha habari za Eater na watoto wa shule. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, alafu akaniuliza, "Na yule mwanaume mzima anayesikika pale naye ni mtoto?" Nikasema ndio Dada, balehe ilikuwa inachelewa. Hilo neno lilinitoka mdomoni mwangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Akasema weka tena. Nikaweka. Weka tena. Mara ya tatu hiyo nimeinama kuinua sindano, santuri imesimama, uso wangu upo karibu na ile karatasi ya katikati kiasi kwamba pua inagusa, naiona 33⅓ vizuri. Na pembeni yake nimelaza ile santuri ndogo ya studio, nayo ina namba yake, 45. Nikajiuliza kimoyomoyo, hii ndogo ina wimbo mmoja upande mmoja, inakuaje iwe ya dakika 45?

Wakuu, mwili ulipoa kuanzia kisogoni. Nikageuza macho polepole kwenye kile kiswichi. Kiswichi nacho kikaniangalia.

Miaka miwili. Miaka miwili nabishana, kiwiko kimevimba, nimewatukana watu wenye masikio mazuri, na ile santuri ilikuwa inazunguka mara 45 kwa dakika badala ya 33 na kidogo, yaani nimeongezea bendi ya watu spidi ya zaidi ya theluthi nzima na sauti nimeipandisha kwa freti tano na kaufa, ndo kale kaufa!

Sasa mtu mwenye akili angesema jamani samahani. Mimi nikapanga mpango. Nikajisemea wimbo ukiwa unaenda nitakohoa kwa nguvu, na nikikohoa nitakishusha kiswichi kwa kidole cha mwisho, hakuna atakayejua, maana katikati ya kelele nani anasikia. Nikaweka sindano, wimbo ukaanza, vifaranga vyote vikatoka mbio, nikasubiri pale panapochanganya kabisa, nikakohoa kile kikohozi cha mzee wa kifua, nikashusha.

Nilichosahau ni kwamba ile sahani haibadiliki ghafla. Inashuka taratibu. Poly Styrene akaanza kuteremka ngazi, kutoka kengele ya baiskeli akapita kwenye mbuzi, akapita kwenye mtu anayepiga miayo, saksafoni ikalegea kama puto linatoa upepo, ngoma zikawa zinajivuta, alafu pwaa, wote wakatua, wakawa binadamu, wanaendelea na wimbo kama hakuna kilichotokea.

Kimya. Mimi bado nimeinama nakohoa kikohozi ambacho hakina kazi tena.

Bwana Studio, Mungu amweke, akasema "Umeme umepungua nini?"

Nikadaka. "Eeh kaka, umeme mdogo leo, hata mi nimeuona."

Dada akainua kichwa akaangalia taa. Taa inawaka kwelikweli, siku ile naona iliwaka kuliko siku zote. Akainyanyukia ile gramafoni, akanisogeza kwa kiganja kama mtu anasogeza kiti, akaweka kidole kwenye kiswichi. Akapandisha: vifaranga. Akashusha: watu. Akapandisha: vifaranga. Akashusha: watu. Hakusema neno. Akarudia kama mara sita hivi, uso mkavu kabisa, ya saba akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka akawa hatoi sauti, anapiga tu zulia kwa kofi.

"Balehe," akasema akipata pumzi. "Balehe ilichelewa."

Bwana Studio yeye ilimchukua muda, namwona anapiga hesabu, macho juu. Alafu akanigeukia. "Kwa hiyo lile gitaa." Nikasema ndio. "Kapo freti ya 5." Ndio. "Kiwiko." Nikasema kaka tuyaache.

"Subiri, kwa hiyo wewe unaupiga haraka kuliko wao wenyewe?"

Hilo nilikuwa sijaliwaza, nikajikuta nimenyoosha mgongo kidogo.

Baada ya hapo ikabidi tuisikilize laivu kwa mwendo wake halali, ndo mara yangu ya kwanza kuisikia ujue, santuri nimekaa nayo muda wote huo sijawahi kuisikia. Sauti za watu wazima klabuni, gitaa chafu lenye mwili, Poly mwenyewe anang'ata maneno unamsikia. Bwana Studio akawa kimya, akatingisha kichwa, akasogea kwenye spika. Ukaisha akasema tena. Ukaisha tena akasema, na nanukuu, "Aisee hii ina uhai." Na mimi, masikio yangu yameshaharibika, nasikia kama wanaingia msibani, nikasema mh, mbona wazito hivi, kwa kweli studio imekaa vizuri zaidi, unasikia kila kitu.

Akanigeukia. "Umesema?"

Nikasema umenisikia, laivu ni watu wamefungiwa kwenye kabati.

Tukaanza upya hapohapo, saa ileile, kila mtu na maneno ya mwenzake mdomoni, yeye ananiambia panki haikuumbwa ikae sawa, mimi namwambia besi iko wapi. Nusu saa aliyoahidiwa Dada ilishapita zamani. Akasimama, akajifuta macho, akapita katikati yetu, akakipandisha kiswichi kwa kidole kimoja, akarudisha sindano mwanzo.

"Mi hukumu yangu ni vifaranga," akasema, na akaongeza sauti.