Umekuwa nambari ngapi?

Kule Majengo, Mombasa, siku ya kufunga skuli swali lilikuwa moja: umekuwa nambari ngapi? Nyanya aliuliza mlangoni, muuza mabuyu akauliza, na jioni maalim wa chuoni naye. Ukiwa wa thelathini na nane, kabla ya magharibi mtaa mzima una habari.

Hapa Newham, mashariki mwa London, mwanangu hana nambari. Tulikuja ana miaka tisa na Kiingereza cha kuombea maji. Nilidhani watamrudisha kwa wadogo. Wakamtia darasa la umri wake, kando ya mtoto wa Kisomali aliyezaliwa Eastleigh, Nairobi. Fomu ikauliza nyumbani twasema lugha gani. Kalamu ilinisimama mkononi. Mimi nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili uwanjani, tena Mombasa!

Chakula cha mchana ni bure kwa watoto wote wa skuli za msingi za serikali London tangu 2023. Hapo sina neno, ingawa mwanangu hajazoea maharagwe yenye sukari.

Neno langu liko kwenye mkutano wa wazazi. Dakika kumi. Mwalimu asema mbio, mimi nadaka nusu, na mkalimani ni mshitakiwa mwenyewe. Mwalimu kakunja uso, kidole kwenye daftari, maneno marefu, mwanangu akanigeukia: "Mama, asema naendelea vizuri." Mwaka mzima. Hata baiskeli nikamnunulia kwa hivyo vizuri vyake. Mpaka jirani aliponisomea ripoti: katika kusoma, yuko nyuma sana ya wenziwe.

Simlaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini mamangu hakusoma, na bado alijua kila kitu changu, kwa sababu mwalimu alipita kwetu akienda sokoni na wakasemezana kwa lugha moja. Ile nambari ilituumiza, wengine ilitutoa machozi, ila haikutaka mkalimani. Skuli hii ina vitabu, ina mwalimu msaidizi, na mlango wangu haiujui.

Hakuna aliyeniambia naweza kuomba mkalimani. Juzi nimeomba, akaja mama wa Lamu. Nikauliza: amekuwa nambari ngapi? Yule mama alicheka kwanza, ndipo akatafsiri.