Kitaa cha Njano

Kwenye dashibodi ya gari langu kuna kitaa cha njano. Kimechorwa tairi iliyokatwa kati, na ndani yake alama ya mshangao. Sasa mie nauliza: anayeshangaa ni nani, gari au mie? Maana kikiwaka kinakwambia upepo umepungua, basi. Tairi lipi? Kimya. Umepungua kiasi gani? Kimya. Ni msumari au ni baridi tu? Hilo ndilo hakitaki hata kulisikia. Unashuka na jua lote hili la Tanga, unalizunguka gari unainama kila pembe, na watu wa Ngamiani wanakutazama, wanadhani umedondosha hela, wanakuja kukusaidia kutafuta.

Wala si gari la kifahari, jamani. Ni mtumba wa Uingereza, la 2015. Na hiyo 2015 ndiyo iliyoniponza, kwa sababu Ulaya kuanzia Novemba 2014 kila gari dogo jipya ilikuwa lazima liwe na mtambo huo wa kupima upepo wa tairi. Wenzangu wenye magari ya zamani ya Kijapani wanapita zao, dashibodi zimetulia, hazina umbeya.

Wamarekani ndio walioanza kushupalia jambo hili. Tairi za Firestone kwenye Ford Explorer zilikuwa zikibanduka mwendoni, magari yanapinduka, watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Mwaka 2000 ikatungwa sheria. Hapo siwalaumu, roho za watu si mchezo. Lakini sheria yao inataka taa iwake upepo ukishapungua robo. Robo, yakhe! Kibandiko cha mlangoni kinasema psi 32, ndicho kipimo cha upepo, wewe unangoja mpaka 24 ndipo msomi huyu afumbue mdomo. Muuza machungwa akikupunja robo ya tenga utasubiri taa ndipo ujue?

Halafu kina vituko vyake vya asubuhi. Miezi ile ya kipupwe nikiwasha gari alfajiri, kinawaka. Nikifika Mabanda ya Papa tairi zimeshapata joto, kinazima chenyewe. Nimeelezwa kwamba joto likishuka nyuzi 5 au 6, upepo hupungua kama psi moja, kwa hiyo tairi iliyokuwa mpakani inavuka mpaka usiku na kurudi mchana. Sawa, nimeelewa. Nenda sasa kamwelewesha mama Zuhura.

"Baba Zuhura, taa hiyo."

"Ni baridi tu."

"Baridi? Tanga?"

Siku tuliyotoka Muheza, hiyo haikuwa baridi. Buti imejaa mafenesi, tunakaribia Pongwe, usukani ukaanza kuvuta kushoto, nyuma kukawa na mlio wa kubwata, pwata pwata pwata. Tayari nimeshaweka gari pembeni ndipo kitaa nacho kikawaka. Ahsante sana! Msumari mnene umezama mpaka kichwani, na mtambo umeniletea habari nikiwa nimesimama mbele yake.

Kwenye spea sasa. Ili ufike kwenye spea lazima mafenesi yashuke, nikayapanga kando ya barabara. Magari yakaanza kusimama. Nikajua Waswahili tuna utu, kumbe wanauliza bei! Mama Zuhura kwanza alikasirika, halafu akauliza wanatoa ngapi.

Nikainua zulia la buti. Pale penye umbo la tairi, tairi hamna. Kuna chupa ya gundi na kibomba cha umeme. Hizi ndizo akili za magari ya siku hizi: wamepunguza uzito wa gari, wakaondoa spea, na jeki wakaondoka nayo, wakakuachia dawa ya kumimina kwenye tairi. Dawa yenyewe tarehe yake imeisha 2019. Dalali aliyeniuzia alinionyesha redio, kiyoyozi, mpaka mahali pa kuweka kikombe. Chupa hakuigusa.

Akatokea mzee mmoja juu ya baiskeli, na Tanga hii baiskeli ndiyo usafiri wa watu wazima wenye heshima zao. Shikamoo, marahaba. Akashuka, akafungua kimkoba nyuma ya tandiko: viraka, gundi mbichi, tupa ya kukwaruzia, pampu. Vitu vyote! Baiskeli haina waya hata mmoja, na imejiandaa kuliko gari langu lenye kompyuta. Bahati mbaya pampu yake haikukubaliana na valvu yangu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, ungenunua baiskeli," akapanda akaenda zake.

Jeki nikaazimwa na daladala, abiria wote wakashuka kuja kushauri. Gurudumu likapanda bodaboda, mie nikalipakata, mpaka kwa fundi wa pancha. Kijana hodari. Nikamwambia, "Taratibu hapo kwenye valvu, kuna sensa ndani."

"Sensa si ilipita 2022, baba? Nyumbani tulihesabiwa wote."

Akazamisha mtaimbo, kile kidude cha kupima upepo kikavunjika. Kah!

Nimpe haki yake, pancha aliiziba vizuri, kiraka kwa ndani, mpaka leo haijavuja hata kidogo. Na hapo ndipo niliposhangaa ile alama ya mshangao. Sasa nikiwasha gari kitaa kinapepesa kama dakika nzima, kisha kinatulia kinawaka moja kwa moja, na maana yake si upepo tena. Maana yake mtambo wenyewe unaumwa. Yaani kikisha kuonya kuhusu tairi, kinaanza kujionya chenyewe! Fundi umeme anasema sensa mpya iagizwe Dar, ifungwe, halafu gari lifundishwe kuitambua. Betri yake imezibwa humo humo ndani, haibadilishwi. Miaka 5 mpaka 10 ikifa unanunua sensa nyingine. La sivyo, anasema, ananibandikia tepu nyeusi juu ya kitaa, shilingi elfu mbili. Mama Zuhura amekataa. Anasema taa hiyo ndiyo imemuuzia mafenesi.

Jana jirani yangu, mzee mwenye Corolla ya zamani, kaniona nimechutama na kipimo cha upepo. Yeye kila asubuhi hupiga teke la kandambili kila tairi, anasikiliza, anaondoka. Kaniambia kuanzia kesho atanipigia na zangu, bure kabisa, jirani ni jirani. Ila Ijumaa nisimtegemee, siku hiyo huvaa viatu vizuri.