Rozela, simu na spektrofotometa: kemia ya jikoni inatosha hadi wapi?

Fungu la maabara likipungua, ushauri unaotolewa haraka ni uleule: tumieni vitu vya mazingira yenu. Dodoma vitu hivyo vipo tele. Rozela inalimwa, maganda ya zabibu nyekundu hubaki rundo baada ya kukamuliwa, na simu iko mfukoni mwa kila mwalimu. Wapo wanaopinga. Wanasema huko ni kuwazoesha vijana ubabaishaji, kwamba aliyelelewa na juisi ya rozela atatetemeka mbele ya bureti, ile mirija ya kupimia matone, siku ya mtihani wa vitendo, na akifika chuo kikuu ataona kupima ni kukisia. Pande zote mbili zina hoja. Zinachokosa ni kutaja kinachopimwa na jibu litakwenda kufanya kazi gani.

Tuanze na rozela, au choya kama wengine wanavyoiita. Loweka gramu 10 za rozela kavu katika mililita 100 za maji ya moto ya nyuzi kama 60 kwa dakika 15 hadi 20, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Wekundu unaoupata ni wa antosianini, kundi la rangi lililomo pia kwenye maganda ya zabibu. pH, yaani kipimo cha asidi na besi ambapo 7 ni katikati, ikiwa chini ya 3, rangi ni nyekundu iliyokolea. Ikifika 4 au 5 inapauka, karibu na 7 inaingia zambarau, juu ya 8 inaelekea bluu na kijani, na kwenye besi kali inaishia njano. Methaili orenji, ile MO ya maabara, kiashiria (rangi inayobadilika kulingana na pH), hubadilika mara moja tu, kati ya 3.1 na 4.4. Kwa somo la kuonyesha kuwa asidi na besi zina ngazi, rozela inaishinda MO bila ubishi. Panga testi tyubu za ndimu, siki, maji ya mvua, magadi na maji ya sabuni, ngazi nzima itaonekana mezani.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Maji mengi ya visima huku kwetu ni magumu na yana bikaboneti. Ukiloweka rozela ndani yake hutagundua kitu, kwa sababu asidi ya rozela yenyewe ni nyingi na maji yatabaki mekundu. Kosa hujitokeza baadaye, matone machache yanapodondoshewa kwenye testi tyubu ya "maji safi" kutoka bombani: yanageuka zambarau au bluu, na darasa zima linaandika kwamba maji ni besi. Tumia maji ya mvua au yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke. Na ukienda kununua yaliyotoneshwa, usiombe tu "maji ya betri", maana kwa wauzaji wengi jina hilo ni la asidi ya salfuriki. Soma lebo kabla ya kufungua kifuniko.

Kwenye taitresheni, yaani kudondosha asidi au besi hadi mmenyuko ukamilike, mizani inaanza kugeuka. Chukua asidi ya haidrokloriki na haidroksidi ya sodiamu, zote 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), mililita 25 kwa 25. Karibu na mwisho, matone mawili tu, yaani mililita 0.1, huipeleka pH kutoka 4 hadi 10. Mruko huo ni mkubwa kiasi kwamba karibu kiashiria chochote kitauona, rozela ikiwemo. Lakini rozela ina asidi zake. Matone 10 ya maji mazito ya rozela hula besi ya kutosha kuharibu kabisa ulinganifu wa mililita 0.1 tunaoudai kwa wanafunzi. Tiba ipo: weka matone yaleyale kwenye maji yaliyotoneshwa peke yake, yataitreti, kisha toa ujazo huo kwenye kila jibu. Asiyefanya kipimo hiki tupu asilaumu rozela.

Ikija kabonati ya sodiamu na asidi, zoezi linalorudi mara kwa mara kwenye mitihani, wapinzani wanashinda moja kwa moja. Mwisho wa mmenyuko huo uko karibu na pH 4, palepale rozela inapopauka kabla ya kuwa nyekundu. Hakuna jicho linaloweza kukata tone kwenye ukungu wa namna hiyo. Hapo itafutwe MO, hata kama chupa moja itagawanywa kwa shule tatu; matone mawili hadi matatu kwa kila flaski yanatosha, hivyo chupa ndogo huenda mbali.

Swali gumu zaidi ni la mwanga, maana hapo tunaacha kuitazama rangi na kuanza kuipima. Sheria ya Beer na Lambert inasema ufyonzaji wa mwanga hukua sawia na ukolezi wa myeyusho na urefu wa njia ambayo mwanga unapita ndani yake. Pamanganeti ya potasiamu ni mfano mzuri kwa sababu hufyonza sana mwanga wa kijani, karibu na nanomita 525. Ili kupata 0.001 M unahitaji gramu 0.158 kwa lita, na hapo mizani ya shule inayosoma hadi 0.01 inakuletea kosa la takriban asilimia 6 kabla hujaanza. Pima gramu 1.58 kwa lita, kisha punguza mara kumi kwa pipeti na flaski ya ujazo. Kutoka hapo tengeneza 0.0001, 0.0002 na 0.0004 M. Spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, yenye kiriba (kichupa cha sampuli) cha sentimita 1 itakupa ufyonzaji wa karibu 0.24, 0.48 na 0.96.

Simu je? Weka kila myeyusho mbele ya karatasi nyeupe ndani ya boksi lenye taa moja isiyosogezwa, piga picha, soma rangi kwa programu. Programu hutoa namba tatu: nyekundu, kijani, bluu. Anayechukua namba ya nyekundu hapati kitu, kwa sababu myeyusho wa zambarau huuachia mwanga mwekundu upite. Namba ya kufuata ni ya kijani, yaani rangi inayofyonzwa. Pia funga mwangaza na mizani ya weupe ya kamera. Ukiiacha ijirekebishe, itaongeza mwanga kila myeyusho unapokolea na kukufutia kilekile unachokitafuta.

Hata ukifanya yote sawasawa, simu itakupa kama 0.11, 0.22 na 0.44. Si hitilafu ya simu. Picha za kawaida hubana mwanga kabla ya kuhifadhiwa, na logariti ya namba hizo hutoka ikiwa imegawanywa kwa takriban 2.2. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kigezo cha ufyonzaji cha pamanganeti atapata jibu la uongo, ilhali mwenzake anayechora mstari wa vipimo vinavyojulikana na kusoma sampuli yake juu ya mstari huohuo atapata ukolezi wa kuridhisha. Kifaa kimoja, picha zilezile. Wanaoisifu simu na wanaoidharau, wote hawajauliza swali hili.

Nayo mashine isitukuzwe kupita kiasi. Mwanafunzi anaweza kubonyeza kitufe miaka mitatu asijue kwamba ufyonzaji wa 2 maana yake ni asilimia 1 tu ya mwanga imepita, na kwamba juu ya hapo mwanga uliopotea njia ndani ya mashine huanza kujifanya jibu. Wengine huweka kiriba cha plastiki ya kawaida na kutafuta kilele kwenye nanomita 260, ambako plastiki yenyewe ndiyo inayofyonza. Huko panahitajika kiriba cha kwazi, kioo kinachopitisha urujuanimno. Umeme ukikatika, taa inahitaji muda wa kupoa na kupata moto tena, na kipimo tupu, kile cha kiriba kisicho na sampuli, lazima kirudiwe.

Kwa mwingiliano wa mwanga na molekuli, onyesho bora kwa gharama ndogo ni maji ya toniki na ile tochi ya urujuanimno ya kukagua noti. Kwinini iliyomo kwenye toniki hupokea urujuanimno na kutoa bluu inayoonekana wazi gizani. Mimina glasi mbili sawa, moja tia kijiko cha chumvi, nyingine kijiko cha sukari. Ya chumvi hufifia, kwa sababu ioni za kloridi huinyang'anya kwinini nishati kabla haijaitoa kama mwanga. Ya sukari hubaki iking'aa. Mashine ya mamilioni haisemi hilo vizuri zaidi.

Lakini chukua maji ya kisima cha Singida, mkoa unaojulikana kwa floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Njia ya SPADNS, rangi ya maabara inayomenyuka na floridi, husoma kwenye nanomita 570, na rangi hupungua floridi inapoongezeka. Hufanya kazi vizuri hadi karibu miligramu 1.4 tu, maji yenye 4 yasipopunguzwa makali yatasomeka chini ya ukweli. Klorini iliyobaki hupausha rangi na kufanya floridi ionekane nyingi. Alumini huishika floridi na kuifanya ionekane chache. Hapa picha ya simu kwenye boksi haina nafasi, kwa sababu tofauti ya 1.2 na 1.8 inaamua kama kijiji kitaendelea kunywa maji hayo. Sampuli ichukuliwe kwenye chupa safi ya plastiki, ya kioo iachwe, iandikwe jina la kisima na tarehe, na ipelekwe kwenye maabara yenye elektrodi ya floridi.