Bati haliliwi

Jumapili nilikuwa hitmani Machomane, hapa Pemba. Juzuu zimesomwa, dua imeombwa, masinia yameondoka, watu wamebaki barazani na vikombe vya kahawa, kile kipindi ambacho kila mtu huwa waziri wa fedha. Kijana mmoja msomi, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, akasema Pensheni Jamii, zile shilingi elfu hamsini za kila mwezi ambazo serikali ya Zanzibar humpa kila mzee wa miaka 70, ni israfu. Ati mzee mwenye mtoto Ulaya anapewa elfu hamsini za nini? Wachujwe, wapewe masikini tu. Wenziwe wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, maana nyumba ilikuwa ya msiba na mdomo wangu naujua. Nimerudi nao nyumbani, nauachia hapa.

Wachujwe! Utadhani tunazungumza habari za tui.

Nina mama mkubwa, yuko upande wa Konde. Miaka ile kabla hajafika umri wa pensheni, zilivuma habari kuwa watu wa dodoso watapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani anastahiki kusaidiwa. Mwanawe aliye Maskati alikuwa ameshamletea mabati ya kuezekea. Nilipokwenda kumtazama, ilikuwa masika, nikakuta mabati yamelazwa chini ya kitanda cha kamba, yamefunikwa mkeka. Juu makuti yanavuja. Katikati ya chumba kuna sufuria, tone likianguka linalia "ti", tukizungumza mpaka tunalizoea. Nikamuuliza, mama, mabati yote haya na wewe unalala na sufuria?

"Wakiyaona juu watasema n'na uwezo," akanijibu. "Na bati haliliwi, mwanangu."

Hapo sijui nani wa kumlaumu. Dodoso lenyewe hata halikuwa limefika, ilikuwa uvumi tu. Lakini mtu mzima alikubali kulowa ili asionekane ameinuka. Ukishawaambia watu kwamba watapewa kwa sababu ya shida yao, wataitunza shida hiyo kama mtu anavyotunza hati ya shamba.

Sasa hao wenye watoto Ulaya. Ninaye binamu London, binti wa mama mdogo, anasafisha maofisi kuanzia saa kumi za usiku. Mshahara haumtoshi, kwa hiyo hupata Universal Credit, msaada wa serikali ya Uingereza ambao kila mwezi hupimwa upya kwa kile kilichoingia mfukoni mwezi huo. Mwaka mmoja alibadilisha kazi, karatasi zake zikachelewa, akakatwa kodi zaidi kuliko alivyostahiki. Baadaye akarejeshewa pauni 600. Furaha ya siku mbili, kanunulia watoto viatu. Msaada wa mwezi ule ukaja umepungua pauni 330. Hakuna aliyekosea, ndiyo kanuni: marejesho ya kodi huhesabiwa kama mshahara wa mwezi yalipoingia, na mshahara ukishavuka kile kiasi wanachokusamehe, kila pauni moja inakupunguzia peni 55 za msaada. Pesa zake mwenyewe, alizotolea jasho, zilizochukuliwa kwa makosa, zimerudi na kuondoka na pesa nyengine.

Atatokea mjuzi aseme kwamba miezi ile alipokatwa kodi zaidi, msaada nao ulikuwa juu kidogo, basi mizani imekaa sawa. Haya, kwenye daftari imekaa sawa. Kodi ya nyumba ya mwezi ule ililipwa kwa daftari?

Mumewe ndiye kichekesho zaidi. Ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, ameshastaafu, binamu yangu bado. Tangu Mei 2019 mke na mume wakiwa hivyo, mmoja kafika umri na mwengine hajafika, wakiomba upya huingizwa kwenye msaada huo huo wa walio katika umri wa kufanya kazi. Na huko pensheni haisamehewi hata peni. Ikiwa pauni mia, msaada unapungua pauni mia. Anayefanya kazi anakatwa nusu na kitu, aliyekwisha kuifanya anakatwa yote. Na ukijibana ukaweka akiba, ikipita pauni 6,000, kila pauni 250 za ziada huhesabiwa kuwa zinakuletea pauni 4.35 kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Benki gani hiyo? Muislamu wa watu riba hali, wanamhesabia riba ya hewa! Ikifika zaidi ya pauni 16,000, msaada hakuna.

Huyo ndiye "mtoto wa Ulaya" tunayetaka mama yake akatiwe elfu hamsini. Akituma pauni thelathini mwezi huu, basi miwili inayofuata hatumi, na simu hapokei kwa haya.

Kinachoniudhi katika upimaji wote huu ni kuwa unampiga mtu picha siku pesa inapopita, halafu unaiita picha hiyo maisha yake. Sisi Wapemba tulitakiwa tulijue hili kuliko mtu yeyote. Njoo kwangu msimu wa karafuu, mwaka ambao mikarafuu imekubali: majamvi yamejaa uwanja mzima, watoto wanachambua makonyo, harufu imeingia mpaka kwenye chai. Andika: tajiri. Njoo mwaka unaofuata, mikarafuu imegoma, tunadaiwa dukani mpaka sukari. Andika tena. Yupi kati ya hao wawili ni mimi?

Zaka ya fedha ina kiwango chake, ndiyo, lakini fedha ikifika nisabu, yaani kiwango hicho, husubiriwa ikae mwaka mzima ndipo iguswe. (Mazao ni siku ya kuvuna, najua, msiniandikie.) Waliotangulia walielewa kwamba pesa iliyoingia leo na kutoka kesho haijamfanya mtu kuwa tajiri.

Ndiyo maana mimi naipenda Pensheni Jamii, na sisemi kwa siasa, wanaonijua wanajua. Ilianza Aprili 2016, wakati wa Rais Dk. Shein, kwa elfu ishirini. Ukifika miaka 70 na wewe ni mkaazi wa hapa, unapata. Huulizwi mwanao yuko wapi, huulizwi kama mfuko wa hifadhi ya jamii unakulipa, hakuna anayekuja kuchungulia jikoni. Mzee aliyekuwa mkurugenzi na mzee aliyekuwa mchukuzi bandarini Mkoani, wote sawasawa. Hicho ndicho kinachowakera wasomi wetu, na mimi ndicho kinachonifurahisha.

Haya, nakubali kuwa mkurugenzi hazihitaji. Pengine anampa mjukuu akanunue vocha. Hilo linaniuma kidogo, si sana. Kumtafuta huyo mmoja utaajiri wangapi, uwanunulie pikipiki ngapi, na utawalowesha mama wakubwa wangapi njiani? Nakubali pia kwamba mpango wa kunusuru kaya masikini unafanya kazi yake, watoto wanakwenda skuli na kliniki, na ule hauwezi kumpa kila mtu. Basi ubaki na kupima kwake. Mzee wa miaka 70 muacheni.

Ikiwa mna hamu ya kulalamika, lalamikeni kwamba elfu hamsini hainunui hata polo la mchele wa mapembe. Lalamikeni kwamba miaka 70 ni mingi kwa mtu aliyepanda mikarafuu tangu utotoni. Hapo tutakaa baraza moja na kahawa nitalipa mimi.

Mama mkubwa alitimiza 70, akaandikishwa. Alipopokea mara ya kwanza alinipigia simu, akaniuliza mara mbili kama kweli hii hawaihesabu nyumba. Nikamwambia hawaihesabu, mama. Wiki ile ile akamwita fundi. Mabati matatu yalikuwa yameshaoza kingo kwa unyevu wa sakafu, kayafanyia banda la kuku.