Mwaka wa Shule Usimezwe na Siku Mbili za Septemba

Mwaka wa masomo katika shule za msingi za Tanzania huanza Januari na kufungwa mapema Desemba, ukiwa na mihula miwili, likizo ndefu ya katikati ya mwaka na mapumziko mafupi mawili. Hivyo ndivyo kalenda inavyosema. Kwa vitendo, hata hivyo, shule nyingi huishi kana kwamba miezi yote hiyo ni maandalizi ya siku mbili tu, yaani siku za Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, ambao mwaka 2024 ulifanyika tarehe 11 na 12 Septemba na kuwahusisha watahiniwa zaidi ya milioni 1.2 nchi nzima. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Mkoa wa Iringa, na ninaandika kwa sababu ninaamini kwamba tunawanyang'anya watoto sehemu bora ya mwaka wao kwa jina la ufaulu, na kwamba ufaulu wenyewe haufaidiki kwa kiasi tunachodhani.

Kwetu Januari ni mwezi mgumu. Mvua inanyesha karibu kila siku, chakula ghalani kimepungua, mahindi mapya bado hayajabeba, na mzazi anatakiwa anunue sare, madaftari na viatu kwa pesa ambayo mara nyingi imekwishia kwenye mbolea. Hata hivyo watoto wanakuja, na tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 wanakuja kwa wingi, wengine wakivushwa vijito mgongoni kwa dada zao. Ukitaka kuona ualimu wa kweli, kaa mlangoni mwa Darasa la Kwanza katika wiki hizo. Mwalimu hajafika kwenye herufi. Anamfundisha mtoto wa miaka sita kutaja jina lake kamili kwa sauti inayosikika, kuomba ruhusa ya kwenda chooni kabla mambo hayajaharibika, kunawa mikono, na kusubiri zamu yake kwenye foleni ya uji bila kumsukuma aliye mbele. Hakuna mtihani unaopima kazi hiyo, lakini mwalimu yeyote wa Darasa la Tatu atakwambia mara moja ni watoto gani walifanyiwa na ni wepi hawakufanyiwa.

Sitakaa sana kwenye mambo ya kila asubuhi, kwa kuwa kila aliyesoma shule ya msingi anayajua: mafagio ya chelewa, madumu ya maji ya kumwagilia bustani, kengele inayogongwa kwenye rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, Wimbo wa Taifa mstarini, na mwalimu wa zamu anayepita akikagua kucha na kola za mashati. Hayo hayajafa. Kinachokufa ni kile kinachopaswa kutokea baada ya saa nane mchana, na kifo chake kimechukua muda mrefu. Mtaala uliotungwa mwaka 2005 ulikuwa na masomo ya Stadi za Kazi na Haiba na Michezo, na vipindi vyake vilibandikwa kwenye ratiba ukutani kama vya somo lolote jingine. Kwa kuwa masomo hayo hayakuwamo kwenye mtihani wa Darasa la Saba, vipindi vyake vilikuwa vya kwanza kuchukuliwa kila Hisabati au Kiingereza kilipohitaji muda wa ziada, na kwa Darasa la Saba vilichukuliwa tangu Januari. Nimekwisha kuona ratiba ambayo kipindi cha michezo kimeandikwa kwa kalamu ya wino, na juu yake, kwa penseli, pameandikwa "marudio".

Mwezi Mei ndipo mvutano huu unapojitokeza waziwazi, kwa sababu ni mwezi wa UMITASHUMTA, Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Timu huchaguliwa shuleni, zikakutana katika kata, zikachujwa hadi wilaya na mkoa, na mwezi Juni mikoa ikakutana kitaifa. Watu wengi hudhani hayo ni mashindano ya soka tu. Kuna netiboli, mpira wa wavu, mpira wa mikono, riadha, kwaya na ngoma. Kuna mchezo wa goli kwa watoto wasioona, unaochezwa kwa mpira wenye kengele ndani yake, na kuna soka ya watoto viziwi. Kwa mtoto wa kijijini, safari ya kwenda kuiwakilisha wilaya mkoani huenda ikawa ndiyo mara yake ya kwanza kulala nje ya kwao, kula na watoto wa kabila jingine na kushindwa mbele ya watu asiowajua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano haya yaliwahi kusimamishwa nchini kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa, na wachezaji wengi wa umri ule walipitwa na nafasi ambayo hairudi.

Sasa mashindano yapo, lakini mtoto wa Darasa la Saba mara nyingi hayumo. Mwaka jana kata yetu ilikuwa na msichana mwenye kasi ya ajabu katika mita 800, aliyekuwa akikimbia peku kwenye nyasi zenye umande na kuwaacha wavulana nusu ya uwanja. Ilipofika zamu ya kwenda wilayani, jina lake lilikatwa kwa maelezo kwamba yuko darasa la mtihani na siku tano za kukosa vipindi zingeshusha alama zake. Wakati huohuo, darasani, alikuwa akirudia kwa mara ya nne maswali yaleyale ya kuchagua jibu sahihi. Nilikuwa kwenye kikao kilichozungumzia jambo hilo na nilipinga, na bado ninapinga. Siku tano za mbio zisingempunguzia mtoto yule kitu. Kumwambia kwamba kipaji chake ni kikwazo kumempunguzia, na mama yake mwenyewe alisema kwamba tangu hapo binti alianza kuamka kwa uzito.

Baada ya likizo ya Juni, katika baridi ambayo wageni wa Iringa huiogopa, huanza msimu wa kambi. Darasa la Saba huhamia shuleni, hulala kwenye vyumba vya madarasa juu ya magodoro yaliyotoka nyumbani, na wazazi huchanga madebe ya mahindi na maharage ya makande. Ratiba huanza alfajiri na kuisha usiku. Kunakuwa na majaribio ya kila wiki, kisha mitihani ya moko ya kata, ya wilaya na ya mkoa, kila mmoja na matokeo yake yaliyobandikwa kwa mpangilio kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nakiri kwamba kambi ina faida zake: mtoto anayetembea saa moja na nusu kwenda shule anapata muda wa kusoma, na anayerudi nyumbani kuchunga ng'ombe anapata mwanga wa taa. Kwa sababu hizo sisemi kambi zifutwe kila mahali. Ninachosema ni kwamba kufikia Agosti watoto wamechoka kwa namna ambayo mzazi makini hawezi kutoiona, na kwamba walimu wote wazuri wa shule wanakuwa wameelekezwa kwenye darasa moja. Darasa la Tano kwa wiki kadhaa linafundishwa na kiranja anayenakili maelezo ubaoni. Mtoto wa Darasa la Tano aliyekosa sehemu na desimali mwezi Julai ndiye yuleyule tutakayemweka kambini baada ya miaka miwili ili tumfundishe sehemu na desimali usiku, akiwa na usingizi.

Walimu hawastahili kubebeshwa lawama hii peke yao. Mwalimu mkuu huitwa kwenye vikao vya tathmini ambako shule yake inasomwa mbele ya wenzake kwa nafasi iliyoshika, na anayeshika mkia hujua kwamba maneno yatakayofuata hayatakuwa mazuri. Mnamo Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa, hatua ambayo niliifurahia kwa dhati, lakini orodha za kata na wilaya zimeendelea kusomwa, na wanaozitaka zaidi ni sisi wazazi. Katika mikutano ya wazazi niliyohudhuria, swali la kwanza huwa ni wangapi wamefaulu. Sijasikia mzazi akisimama kuuliza kama Darasa la Pili wanasoma kwa ufasaha, kama kwaya ya shule bado ipo, au ni watoto wangapi wanaojua kushona kifungo.

Halafu Septemba inapita, Darasa la Saba wanafanya mahafali na kuondoka, na shule inabaki na Oktoba na Novemba. Darasa la Nne lina upimaji wake wa kitaifa, lakini nje ya hapo shule hupumua. Miezi hiyo miwili ndiyo iliyonithibitishia maoni yangu, kwa sababu ndiyo miezi ambayo shule hufanana na shule. Darasa la Sita linakabidhiwa uongozi na viranja wapya wanajifunza kuamrisha bila kupiga. Maktaba ndogo iliyokuwa imefungiwa magodoro ya kambi inafunguliwa. Na mvua za kwanza zinapodondoka mwishoni mwa Novemba, shamba la shule linapandwa.

Mwaka jana nilikwenda kusaidia siku ya kupanda. Mwalimu wa kilimo aliwapa Darasa la Tano kamba ndefu na kuwaambia wafunge fundo kila baada ya sentimita 30, kisha waivute kwenye mstari wa mita 30 na kuchimba shimo kwenye kila fundo kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho wake, huku mstari hadi mstari ukiwa sentimita 75. Msichana mmoja aliyepewa kopo la mbegu alipiga hesabu kichwani, akagawa mita 30 kwa sentimita 30, akapata 100, akahesabu punje 100. Alipofika mwisho wa mstari, shimo la mwisho lilikuwa tupu. Wakaanza kubishana. Wengine walisema amedondosha punje, wengine walisema kamba imelegea. Mwalimu hakusema neno. Alisimama akiegemea jembe na kuwaacha. Walirudi mwanzo, wakahesabu nafasi, wakahesabu mashimo, na hatimaye mvulana mmoja akapiga kelele kwamba nafasi ni 100 lakini mashimo ni 101, kwa sababu hata pale kamba ilipoanzia pana shimo. Swali la namna hiyohiyo, la kuhesabu miti iliyopandwa kando ya barabara, limewakosesha alama watoto wa Darasa la Saba miaka nenda miaka rudi, na watoto wa Darasa la Tano walikuwa wamelimaliza kabla ya saa nne asubuhi wakiwa na matope magotini.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba elimu ya msingi inapaswa kuwa kamili yenyewe, isiwe tu njia ya kumchuja mtoto kwenda sekondari. Najua pia kwamba kwa jina la kujitegemea watoto wengi walitumikishwa, na wapo wanaotumikishwa hadi leo. Kumpeleka mtoto kuchota maji ya nyumbani kwa mwalimu au kulima shamba la mtu binafsi ni kumwibia muda na nguvu, na kamati ya shule inayokaa kimya juu ya hilo haifanyi kazi yake. Kipimo changu ni kirahisi: kazi ya shule iwe na mwalimu aliyesimama pale akifundisha kitu, na mavuno yake yaonekane kwenye sufuria la uji la watoto wenyewe.

Nayasema haya sasa kwa sababu mabadiliko makubwa yako njiani. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, pamoja na Darasa la Saba la mwisho. Hofu yangu ni kwamba mwaka huo shule zitakuwa na madarasa mawili ya kambi badala ya moja, na kwamba somo jipya la Sanaa na Michezo litaandikiwa "marudio" kwa penseli kama lile lililotangulia. Ilhali mantiki ya sera inaelekea upande mwingine kabisa: ikiwa kila mtoto anatakiwa aendelee hadi kidato cha nne, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi si tena lango la kuwazuia wengi, na sababu ya kuutolea kafara mwaka mzima inakuwa imekwisha.

Katika kikao kijacho cha kamati yetu nitapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha wala kibali cha wilaya. Alasiri ya Jumatano na ya Ijumaa iwe ya michezo, klabu na bustani kwa madarasa yote, Darasa la Saba likiwamo, na mwalimu asiruhusiwe kuichukua kwa ajili ya somo lolote. Mtoto aliyechaguliwa katika timu ya kata aende, hata kama ni Agosti. Kambi, tukiamua kuwa nayo, isiwachukue walimu wa madarasa ya chini, na kila Jumapili iwe ya mapumziko kamili. Na mwalimu mkuu anapotusomea matokeo ya mtihani, atusomee pia idadi ya watoto wa Darasa la Pili wanaoweza kusoma ukurasa mmoja bila kukwama. Najua wapo wajumbe watakaosema kwamba tutaporomoka katika orodha ya kata, na jibu langu kwao liko tayari: tujaribu kwa miaka miwili, tukiandika mahudhurio na alama za kila darasa, kisha tubishane tukiwa na daftari mezani.