Tuiache chaja, tukizime king'amuzi ukutani

Kila nikienda Tanga kumsalimia mama nakuta kesi ileile. Mjukuu kaacha chaja ya simu kwenye soketi, na mama anang'aka: "Ndiyo maana LUKU inakimbia!" Mtoto anaichomoa huku kanuna.

Safari hii niliamka alfajiri, na nilipopita sebuleni nikagusa king'amuzi chini ya kile kitambaa cha kufuma anachokifunikia. Kilikuwa cha moto. Tangu kilipozimwa kwa rimoti baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hakuna aliyekiwasha.

Joto lile ni umeme. Rimoti inaondoa picha tu. Ndani mashine iko macho, na baadhi ya ving'amuzi vya dishi huendelea kunasa mawimbi usiku kucha na kupeleka umeme mpaka kwenye kichwa cha dishi kule juu ya bati. Tunaona kataa kekundu tunasema kimelala.

Usiku uliofuata nikamwambia, "Mama, naomba nizime friji nusu saa, nataka kuangalia mita." Akanijibu, "Samaki wangu wasiharibike tu, mwanangu." Tukazima taa zote, na TV, sabufa na king'amuzi tukavizima kwa rimoti kama kawaida. Nikasimama mbele ya mita na saa mkononi. Mita yake imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kataa kake kakipepesa mara 1,000 uniti moja imekwenda. Kalipepesa kila baada ya dakika mbili hivi. Hizo ni wati 30, nyumba ikiwa gizani! Nikachomoa king'amuzi, kakaanza kukawia, karibu dakika nne. Nusu ya hasara ilikuwa pale. Iliyobaki ni ya sabufa na ile TV ya kichogo.

Na chaja? Chaja nzuri isiyo na simu hula sehemu ndogo tu ya wati. Ikila wati 0.3, itachukua zaidi ya saa tatu kufikisha mpepeso mmoja. Kuichomoa ni jambo jema, lakini tumemsumbua mtoto miaka yote kwa kosa la king'amuzi.

Sasa piga hesabu. Wati 30 kwa saa 20 ambazo hakuna anayetazama ni uniti 18 kwa mwezi. Mama yuko kwenye bei ya watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa 2016, uniti ndani ya kiwango hicho ni shilingi 100 kabla ya kodi, na ukivuka, kila uniti ya ziada ni 350. Karibu robo ya uniti zake za bei nafuu inaliwa na vitu vilivyozimwa! Kwa mjane anayenunua umeme wa elfu mbili mbili, hili linaniuma.

Ulaya waliliwekea sheria. Kuanzia 2013 hadi 2025 vifaa vingi vya nyumbani vilivyouzwa huko, vikishazimwa, havikutakiwa kuvuka nusu wati, au wati moja kama vilikuwa na kioo kinachoonyesha saa au maandishi. Natamani nasi anayeuza king'amuzi alazimishwe kuandika kwenye boksi kinakula wati ngapi kikizimwa kwa rimoti. Mnunuzi anaambiwa idadi ya chaneli tu.

Bahati nzuri soketi zetu nyingi zina swichi. TV, sabufa na king'amuzi vyote nimevichomeka kwenye ekstensheni moja, na mama anabonyeza swichi ya ukutani kabla ya kulala. Hofu yake ilikuwa chaneli zitapotea. Hazikupotea, asubuhi king'amuzi kinachelewa kidogo kuwaka, basi. Friji tumeiacha kama ilivyo, ile inafanya kazi yake.

Juzi alinipigia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akasema kaamka alfajiri akagusa king'amuzi. "Cha baridi kama jiwe," akaniambia.