Koti sawa, sare hapana

Kuna mwandishi kaandika kwamba kununua nguo ni kupoteza hela. Huyo hajakaa Njombe mwezi wa saba! Kule koti zito si urembo, na la mtumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukikagua zipu na mishono vizuri, unalivaa miaka. Mimi ningemuunga mkono kwenye sare za sherehe. Sendofu kitenge chake, harusi kingine, kipaimara kingine, fundi naye anataka chake (na siku hizi hapunguzi), halafu huivai tena eti imeshaonekana kwenye picha. Jamani wanakamati, kama lazima tufanane, tukubaliane rangi tu, kila mtu afungue kabati lake. Hela hiyo wengine tunaitafutia mbolea, mvua za Novemba hizo zinakuja.